Kahawa ya Kagera: jasho la wawili, daftari la mmoja

MSIMU wa kahawa unapofunguliwa mkoani Kagera, karani wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama wengi wanavyokiita, huwa na vitu vitatu mbele yake: mizani, kitabu cha stakabadhi na daftari la wanachama. Kila gunia la maganda linalopimwa huandikwa kwa jina. Jina hilo ndilo litakalolipwa. Ndilo litakaloitwa kwenye mkutano mkuu wa chama, na ndilo litakaloulizwa siku mkulima akihitaji pembejeo kwa mkopo.

Katika nyumba nyingi za wakulima wa mkoa huo jina hilo ni moja tu, la baba mwenye kibanja. Mama aliyeichuma kahawa hiyo, akaianika, akaianua mvua ilipotishia na pengine akaibeba kichwani mpaka ghalani, hayumo daftarini.

Masuala ya usawa wa kijinsia yamezoeleka kuzungumzwa kwenye makongamano na kwenye sherehe za Machi 8, kiasi kwamba mkulima wa kawaida huyaona kuwa ni mambo ya wasomi wa mjini. Lakini suala la nani ameandikwa kwenye daftari la AMCOS ni la fedha taslimu. Linagusa bei anayoipata mkulima, mkopo anaoweza kupewa na ubora wa kahawa inayofika mnadani.

Kibanja cha baba, rweya ya mama

Kwa asili, ardhi ya Wahaya ina sehemu mbili. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, ambamo wazee wamezikwa na ambalo hurithiwa kwa upande wa wanaume wa ukoo. Halafu kuna rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, ambako kwa miaka mingi wanawake wamelima njugu mawe na mazao mengine ya muda mfupi.

Udongo wa rweya ni hafifu. Kibanja ndicho chenye rutuba, na rutuba hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Imetokana na samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya na kubebwa vichwani mwaka baada ya mwaka kufunika mashina ya migomba. Sehemu kubwa ya mzigo huo wa nyasi imebebwa na kinamama. Kwa maneno mengine, mwanamke amekuwa akihamisha rutuba kutoka kwenye ardhi anayoruhusiwa kulima na kuipeleka kwenye ardhi isiyo na jina lake.

Kahawa ilikuwapo Bukoba kabla ya wakoloni, ikitafunwa na kukaribishiwa wageni. Ilipogeuzwa kuwa zao la kuuza nje, ilipandwa kibanjani, na kwa kuwa kibanja kilikuwa cha mwanaume, fedha za kahawa nazo zikawa za mwanaume. Ushirika wa wakulima wa kahawa wa Bukoba, chimbuko la KCU ya leo, ulipoundwa mwaka 1950, ulijengwa juu ya msingi huo huo. Hakuna aliyekaa na kuandika kwamba wanawake wasiingie. Mwanachama alikuwa mwenye mibuni, basi, na mwenye mibuni alijulikana.

Hasara ya mpangilio wa namna hii imewahi kukadiriwa kitaifa. Mwaka 2015 Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa ripoti kuhusu Tanzania, Malawi na Uganda, ikionyesha kwamba mashamba yanayosimamiwa na wanawake nchini Tanzania yalitoa mavuno pungufu kwa wastani wa asilimia 16 kuliko ya wanaume, na kwamba pengo hilo liliigharimu nchi kiasi cha dola milioni 105 kwa mwaka. Sababu kubwa haikuwa uvivu wala ujinga wa kilimo. Ilikuwa ni nguvu kazi: mwanamke mwenye shamba lake hapati mikono ya wanaume wa familia kwa urahisi, ilhali mikono yake mwenyewe imo shambani kwa mume kuanzia alfajiri.

Akaunti haionekani

Kuna jambo moja lililolifanya daftari kuwa na uzito zaidi kuliko zamani. Katika msimu wa 2018/19 Serikali ilielekeza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika na malipo yapitie benki. Utaratibu huo una faida zake. Unampunguzia mkulima hatari ya kuporwa njiani na unapunguza nafasi ya wanunuzi wa mizani mbovu.

Hata hivyo, fedha za mkononi zilikuwa na tabia moja nzuri: zilionekana. Mama aliyekuwapo nyumbani siku ya malipo alijua kilichopatikana, hata kama hakukigusa, na angeweza kudai cha chumvi, sabuni na sare za watoto. Akaunti haionekani. Ujumbe wa malipo huingia kwenye simu ya mwenye jina, na asipotaka kusema, mwenzake atabaki akikisia kwa kuangalia mwenendo wake kwenye vilabu vya pombe.

Na fedha zenyewe zimekuwa kubwa. Septemba 2024 bei ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani. Wachunguzi wa kilimo katika nchi nyingi za Afrika wamekwisha kuona kwamba zao likipanda bei, mkono wa mwanaume hukaza juu yake. Mchicha ni wa mama mpaka siku lori la mnunuzi linapoanza kuja. Kwa kahawa, ambayo tangu awali ilikuwa ya baba, bei nzuri inaweza kumwongezea mama kazi ya kuchuma na kuanika bila kumwongezea shilingi.

Hesabu ya butura

Mahali ambapo hasara ya daftari la mtu mmoja inaonekana waziwazi ni kwenye butura. Asiyeijua butura ni kwamba mkulima huuza kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, na mnunuzi huja kuvuna wakati wake ukifika. Viongozi wa Mkoa wa Kagera wameipiga marufuku mara nyingi. Bado ipo, kwa sababu inajibu shida ya kweli: miezi ya kati ambayo nyumba haina senti.

Chukua mfano. Tuseme kilo ya maganda itauzwa Sh3,000 msimu ukifunguliwa, hivyo gunia la kilo 50 ni Sh150,000. Januari mwenye shida anauza gunia hilo likiwa mtini kwa Sh60,000. Mei mnunuzi anavuna. Mkulima amekopa Sh60,000 kwa miezi minne na kulipia Sh90,000 juu yake. Hakuna benki nchini inayotoza hivyo, na hata mkopeshaji wa mtaani angeona haya.

Sasa chukua nyumba hiyo hiyo ambamo mama ni mwanachama wa VICOBA inayotoza asilimia 5 kwa mwezi. Sh60,000 kwa miezi minne zingezaa riba ya Sh12,000. Tofauti ni Sh78,000 kwa kila gunia. Lakini ili mama akope kwa ajili ya kuokoa kahawa, ni lazima awe na uhakika kwamba kahawa hiyo ikiuzwa, deni lake litalipwa kutokana nayo. Hana uhakika huo. Kahawa si yake, akaunti si yake, na si ajabu akagundua kwamba iliuzwa butura siku anapomwona mtu mwingine akichuma kibanjani.

Naye mama hakai akitazama tu. Anayejua kwamba hesabu za msimu hataziona hujilipa mapema: huchuma debe moja moja kabla kahawa haijaiva na kuliuza kwa mlanguzi wa jirani. Kila mmoja katika nyumba anaiwahi kahawa kabla mwenzake hajaiwahi. Kahawa iliyochumwa mbichi ni nyepesi na hutoa punje mbovu, na ikichanganywa na ya wengine ghalani, bei ya mnada humwadhibu hata jirani aliyevumilia mpaka ikaiva. Maofisa ugani wamefundisha kwa miaka mingi kuchuma iliyoiva tu. Somo zuri, ila wanaofundishwa ni watu wawili wasioaminiana juu ya fedha.

Sheria imekwenda mbele ya mila

Wanaodhani kwamba jina la mwanamke kwenye ardhi ni jambo la kigeni wasisahau kwamba moja ya hukumu maarufu zaidi za nchi hii kuhusu suala hilo ilianzia Muleba. Mwaka 1988 mwanamke aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia aliiuza kwa Sh300,000. Mmoja wa wanaukoo alifungua kesi siku iliyofuata, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi, Mahakama ya Wilaya ikatengua, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory kwamba kanuni hiyo ya mila inapingana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba. Aliacha mlango mmoja kwa ukoo: kama unaitaka ardhi, ulipe zile Sh300,000 ndani ya miezi sita.

Uamuzi huo unasomeka vizuri kwa macho ya mfanyabiashara. Jaji hakusema ukoo hauna maana. Alisema ukoo nao ulipe bei ambayo mtu mwingine angelipa.

Baada ya hapo zikaja sheria mbili za ardhi za mwaka 1999. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Mkopo unaoweka nyumba ya familia dhamana hauwezi kwenda bila ridhaa ya mwenza. Mapema zaidi, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Penye giza ni urithi. Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za makabila mengi katika kitabu kimoja, linasema mjane hana fungu katika mali ya marehemu aliyeacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa Kagera kanuni hiyo iliumiza kuliko mahali pengi. Ni mkoani humo ambako wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waliripotiwa mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wajane waliongezeka mno. Wengi walijikuta wakijadiliwa na mashemeji kwenye vibanja walivyovifunika nyasi kwa mikono yao. Wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka suala hilo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliwapa haki wajane hao na kuitaka Serikali irekebishe kanuni.

Mjane ambaye jina lake limo kwenye hati ya kibanja hahitaji kusubiri kamati. Sehemu yake haingii kwenye mali ya marehemu kabisa, maana haikuwa ya marehemu. Mjane ambaye pia ni mwanachama wa AMCOS huuza msimu unaofuata bila kumwomba shemeji akamwandikie gunia. Hii ndiyo tofauti ya vitendo kati ya kuandikwa na kutoandikwa, na hutokea siku mbaya kuliko zote katika maisha ya mtu.

Viti vipo, kura haipo

Katika ngazi ya kijiji sheria imewahakikishia wanawake nafasi. Halmashauri ya kijiji inatakiwa kuwa na robo ya wajumbe wanawake, na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake watatu. Zipo pia fedha: halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kati ya hizo zikiwa za vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi kuonekana kwenye ukaguzi, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Lakini mkutano mkuu wa AMCOS ni kitu kingine. Hapo ndipo wanachama huamua makato, huchagua bodi, na huuliza kwa nini malipo ya pili yamechelewa. Mwenye kura ni mwanachama. Mama anaweza kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji na kupitisha ujenzi wa ghala, kisha akabaki nje ya ghala hilo hilo wenye kahawa wanapokutana. Ni kioja, lakini ndivyo ilivyo.

Majirani wa upande wa Uganda wanaolima kahawa kama Kagera wametoa mfano unaostahili kuangaliwa. Katika wilaya ya Kasese, kwenye miteremko ya milima ya Rwenzori, ushirika wa Bukonzo Joint uliwakalisha mume na mke pamoja wachore kwa picha nani anafanya kazi gani na nani anatumia fedha gani. Michoro ilitosha kuwanyamazisha wengi. Familia kadhaa zikaenda mbele na kuandikishana umiliki wa pamoja wa ardhi, na wanawake wakawa wengi katika uanachama. Kilichobadilika kwenye biashara ni kwamba sababu ya kuwahi kahawa mbichi ilipungua, kwa kuwa mapato yalikuwa yakijulikana kwa wote wawili. Kahawa iliyoiva na kukauka vizuri ikaongezeka.

Hoja za wazee

Wanaume wanaosita wana hoja, na si zote ni za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba mke akiandikwa kwenye kibanja, akiondoka ataondoka na makaburi ya ukoo. Hofu hiyo ni ya kweli, ila umiliki wa pamoja unaifanyia kazi pande zote: mke hawezi kuuza bila mume, na mume hawezi kuuza bila mke. Vibanja vingi vilivyopotea mikononi mwa ukoo viliuzwa na watoto wa kiume wenye madeni, si na wake zao.

Ya pili inatoka kwa viongozi wa vyama: nyumba moja ikiwa na wanachama wawili, itakuwa na kura mbili kwa mibuni ile ile, na mwenye wake watatu atakuja na kura nne. Hapa kuna kazi ya kufanya kwenye masharti ya chama. Wanachama wanaweza kutaka kila mwanachama awe na kiasi fulani cha kahawa anachopeleka kwa jina lake, au nyumba igawane mibuni kwa mafungu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haimfungi mwanachama kwa jinsia.

Ya tatu haisemwi hadharani. Kuna waume wanaokubali mke aandikwe, kisha wanabaki na kadi ya benki na namba ya siri. Jina limebadilika, fedha zimebaki palepale. Vyama vinavyojivunia idadi ya wanachama wanawake vingefanya vyema kuuliza ni wangapi kati yao waliwahi kwenda kutoa fedha wenyewe. Na upo upande mwingine wa shilingi: mama akipata akaunti, kuna baba atakayeona kwamba sasa sare, sukari na matibabu ni juu ya mama peke yake. Ndiyo maana mazungumzo ya Kasese yalianza na kazi na matumizi kabla ya kugusa hati.

Kwa familia inayotaka kuanza, mlolongo si mrefu. Hati ya kimila huombwa kwenye halmashauri ya kijiji, na majina yote mawili huandikwa kwenye fomu ya maombi tangu mwanzo. Kurekebisha baadaye ni usumbufu. Uanachama wa AMCOS huombwa kwa bodi ya chama, na anayekubaliwa hulipa kiingilio na hisa kwa viwango vya chama husika. Akaunti ifunguliwe kwa jina litakaloandikwa kwenye stakabadhi, herufi kwa herufi, maana jina likitofautiana malipo yanaweza kukwama. Yote hayo yafanywe kabla ya mizani kuanza kufanya kazi. Msimu ukishafunguliwa, karani ana foleni ndefu na hana muda wa kufungua ukurasa mpya.